Tulivyokwenda kuwaokotea watu mipira

Mwenzangu, leo nusura nimuue mjukuu wangu.

Nilimpeleka kwenye ule uwanja wa gofu wa umma, tukanywe soda kantini. Mbele yake kuna nyasi safi, mipira myeupe imetapakaa kote. Nikadhani imepotea! Nikamwambia, "Twende tuwaokotee wenyewe, maskini."

Tuko katikati, kitu kikanipita sikioni, vuuu! Kumbe ndiko wachezaji wanakojifunzia kupiga mipira!

Vuuu! Mwingine. Nikamlalia mtoto.
"Bibi, unaniumiza."
"Nyamaza mama, usiinue kichwa!"

Mzee mmoja akapiga kelele, "Wekeni fimbo chini! Kuna watu!" Wote wakaweka, mwenzangu. Wote. Dereva wa trekta la kuokotea mipira, lile lenye wavu wa chuma, akaja mbio akatupakia. Hakunifokea. Alisema tu, "Bibi, hata mimi bila wavu huu sikanyagi hapa."



Mtoto hana hata mkwaruzo. Ila mama yake anapiga simu sasa hivi, mara ya tatu, na mtoto ananyoosha mkono: "Bibi, nipe mimi nimwambie."