Nitakuja kwa Njia ya Horohoro

Mji wa Kale, Mombasa

Kwa mama yangu, Bi. Mwanahawa, Makorora, Tanga.

Assalaam alaykum mama, na shikamoo. Mimi mzima, ila hiki kikohozi cha vumbi la nguo hakijaniacha. Nataraji goti lako limetulia, na Zaituni hajagombana na mshonaji wa nguo zake za harusi. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu yangu huwa unaiweka sauti ya juu, na jirani hunijibu kabla yako. Haya ni yetu kwanza, ndiyo maana nimempa mama mmoja anayekuja huko na basi akuletee mkononi.

Uliponiuliza kama nitakuja kumwozesha Zaituni, nilisema inshallah tu. Ulinielewa. Unajua ile ruhusa niliyogongewa kwenye pasi pale mpakani iliisha zamani, nami nikabaki nafanya kazi. Nikitoka kwa mlango wa mpaka nitaulizwa, na pengine nisiruhusiwe kurudi. Ukasema basi mjomba awe wakili wangu. Mama, neno lile liliniuma. Baba hayupo, na ndugu wa kiume wa Zaituni ni mimi peke yangu. Mkono wa bwana harusi aushike mjomba, na mimi niko hapa, safari ya nusu siku tu?

Kazi yangu ni ileile. Nakaa na cherehani mbele ya duka la Bwana Twahiri, Biashara Street. Wanawake wananunua leso, ndizo kanga zetu, nami naikata jozi na kuipinda palepale wakisubiri. Jioni nakwenda kukaa barazani karibu na chumba changu, kunywa kahawa na wakubwa. Bwana Twahiri naye huja, kwani nyumba yake ni mtaa huohuo.

Siku hizi pale barazani hakuna habari nyingine ila wageni wasio na karatasi. Kulikuwa na msako huko Majengo, watu wakapakiwa kwenye gari, na tangu hapo kila mtu ni waziri. Bwana Twahiri ndiye mtetezi wetu mkubwa. "Pwani ni moja," husema, akipiga goti. "Mpaka wamechora wazungu. Mtu anatafuta riziki, mwacheni!" Anayempinga ni Mzee Shee, mstaafu wa forodha bandarini, mtu mkavu, kofia haijawahi kukaa upande. Yeye neno lake ni moja: asiye na ruhusa arudishwe kwao.

"Mpaka sikuuchora mimi," alimwambia Twahiri siku moja, "lakini upo. Mwenye nyumba halali asijue nani yumo ndani. Na weye usitufanye watoto. Vijana wa Majengo wanajua cherehani, wamekaa bure. Mbona huwaajiri?"

"Hawana adabu ya kazi."

"Wana adabu. Wana na midomo ya kukudai haki yao, ndiyo hutaki."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, mama. Mafundi wenzangu wa duka la pili hupata karibu mara mbili yangu kwa kazi ileile, na kila nikigusia, Bwana Twahiri huniambia kwa upole, "Kijana wangu, kwa hali yako shukuru." Kisha Mzee Shee akanigeukia. "Si ndivyo, fundi? Si arudishwe?" Nikajibu, "Ndivyo, mzee." Nilimchukia siku ile, sikufichi.

Nilipomweleza Bwana Twahiri habari ya harusi, wala hakusita. "Pita njia ya panya, huko vichakani. Yuko mtu atakuvusha. Ozesha, kula pilau, rudi. Nani atajua?" Alinipa hata jina la huyo mtu. Nikamshukuru, nikarudi kwenye cherehani, na mshono wote wa asubuhi ile ukaenda kombo. Nilijiona nikitokea kwenye harusi ya dada yangu na matope ya vichakani, nikiulizwa nimefika lini na kwa basi gani.

Basi nikaona, anayeitaja sheria kila siku huenda anaijua. Baada ya Alasiri nikamfuata Mzee Shee nyumbani kwake. Nikamweleza yote, hata ule muhuri uliokwisha.

Lo! Alinigombeza mpaka mkewe akachungulia. "Umekaa nami baraza moja, ukanambia ndivyo mzee, ndivyo mzee, kumbe weye ndiye? Umenifanya mjinga!" Nikasimama niondoke. Akasema, "Keti. Babako yu hai?" Nikamwambia amefariki. "Dadako aozeshwa na nani?" Nikamwambia mimi. Akaivua kofia, akaivaa tena. "Walii haendi kuozesha kwa kujificha," akasema. "Kesho asubuhi, vaa kanzu safi."

Kesho yake tukaenda kwa miguu mpaka afisi ya uhamiaji, yeye mbele na mimi nyuma. Tulipofika kwa afisa, kijana tu mwenye miwani, Mzee Shee akasalimia vizuri, akauliza hali ya wazee wake, kisha akaninyooshea kidole. "Huyu amekaa kupita ruhusa yake. Amefanya kazi bila kibali. Arudishwe kwao."

Mama, nikautazama mlango tulioingilia. Nikasema moyoni, basi, nimejileta mwenyewe kwa adui. Yule afisa akatutazama mmoja mmoja. "Sasa mzee, wewe ni nani wake?"

"Mimi ndimi mwenyeji wake," akasema Mzee Shee. "Nataka arudishwe kwa mlango, agongewe muhuri, alipe faini yake. Na akiomba kurudi kwa kibali, penye jina la mwenyeji andika langu. Nyumba yangu yajulikana."

Nikainamisha kichwa nisionekane.

Tulikaa pale mpaka Adhuhuri. Nimelipa faini, ile akiba yangu sasa ni maneno tu. Nimepewa siku chache niondoke mwenyewe, na maombi ya kibali nitayafanya nikiwa huko. Hakuna aliyeniahidi kitu. Bwana Twahiri aliposikia alikasirika kwelikweli. Alisema sina shukrani, na jioni ileile cherehani yangu ilikuwa na mtu mwingine. Nilipomtazama nikamjua, ni mgeni kama mimi, wa mbali zaidi, na Kiswahili bado kinampa taabu. Nikamwonyesha sindano inapokwama, nikaenda zangu.

Usidhani Mzee Shee amebadilika. Jana barazani alisema yaleyale, arudishwe, arudishwe, na Twahiri yaleyale, pwani moja, pwani moja. Mimi nilikaa katikati yao nikinywa kahawa, na sijui bado ni yupi mwenye haki. Wale waliopakiwa kwenye gari Majengo hawakuwa na mtu wa kuwatembeza mpaka afisini, na hilo halinitoki.

Basi mwambie mjomba namsalimu sana, na kanzu yake ya wakili aikunje. Zaituni mwambie nakuja na leso zake, nimezipinda kwa mkono wangu kabla sijanyang'anywa cherehani. Shangazi, wa mtaa wa pili, nisalimie naye, anibakizie ukoko wa pilau.

Nitavuka Lunga Lunga, nitokee Horohoro, mchana, uso wazi. Mzee Shee ameng'ang'ania kunisindikiza mpaka kwenye kizuizi, na kiunoni ana maumivu. Nikamwambia abaki. Akanijibu, "Mwambie mamako mimi ndimi niliyemtoa mwanawe. Asije akasikia kwa watu kwamba Mombasa wamemfukuza."

Mwanao,
Hamadi