Nimewapeleka Wakimbiaji Nyumba Siyo

Dada Mshauri, nisamehe kwa kuchelewa, barua hii nimeianza mara nne tangu mwezi uliopita na kila nikishika kalamu mtoto anaamka.

Mtoto ana miezi tisa, nakimbia kila asubuhi nikisukuma kigari chake, na kwa kuwa nampenda yule mwandishi wetu mkubwa tuliyemsoma sote shuleni, nilichora ramani ya mbio za kupita mahali pa maisha yake, shule aliyofundisha, kiwanda cha uchapaji, mpaka nyumba aliyozaliwa, mtu akimbie mwenyewe kwa wakati wake, nikaibandika maktaba, watu wakaipenda kweli. Sasa kosa: kitabu chake kinasema alizaliwa mlango wa tatu kutoka kona ya juu ya mtaa wao, nami kigari kilinishinda mlimani, nikauanza mtaa kutoka chini, nikahesabu milango mitatu kutoka kona ya chini!

Nyumba niliyoitia nyota kwenye ramani anaishi bibi mjane wa miaka themanini, peke yake. Wakimbiaji wa kwanza aliwafokea, "Mnakimbizwa na nani?" Siku hizi kila Jumamosi anawatolea maji, mlango kaupaka rangi, na juzi nimemsikia kwa masikio yangu, "Kitanda alichozaliwa ni kile pale, msikikalie!" Kitanda chenyewe kakinunua mwaka jana. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, halafu akanishika mkono, "Mjukuu wangu, zamani wiki ilikuwa inaisha sijasema na mtu."

Mume wangu anasema ninyamaze, nyumba ni nyumba. Lakini Ijumaa ijayo maktaba inaichapa ramani yangu, igawiwe mashuleni, na jina langu lipo. Nikisema ukweli, bibi atabaki na mlango wenye rangi mpya usiogongwa na mtu.

Naomba unitumie haya: maneno ya kumwambia bibi, maneno ya kumwambia mkutubi, na nianze na nani. Tuma kwa namba ya mume wangu, simu yangu mtoto kaitumbukiza kwenye ndoo.

Mama Kigari

JIBU

Mama Kigari, pole, na hongera pia. Lakini usijifiche nyuma ya upweke wa bibi wa watu. Unachoogopa ni aibu yako. Na huyo mumeo anayesema nyumba ni nyumba, jioni aingie ya jirani tumwone.

Anza na bibi, leo hii, asije akayasikia barabarani. Usizunguke. Sema: "Bibi, nilikosea kuhesabu milango, mwandishi hakuzaliwa hapa. Lakini watu wanafika kwako na kiu, na maji unawapa wewe. Naomba nikuweke kwenye ramani kwa jina lako." Atanuna. Mwache anune, wewe kaa hapo hapo mpaka akuombe mtoto ambebe.

Kesho asubuhi nenda kwa mkutubi: "Nyota ihamie kona ya juu, na hapa paandikwe kituo cha maji." Hilo halihitaji machozi, linahitaji kifutio.

Na habari za kitanda zikome. Akitaka kuwasimulia wageni, ana miaka yake themanini. Awasimulie hiyo.