Sifuri ya Ihanda

Alhamisi. Mvua imeanza saa nne asubuhi, mvua ya kushtukiza, wakati watu bado wanaanika kahawa. Nina wivu, na leo nauandika kama ulivyo.

Miaka minne mimi ndiye niliyesimamia vibao vya taa vya chama chetu cha wakulima: kimoja Ndama, kimoja Kituntu, kimoja Ihanda. Kila kibao huwaambia wakulima kama ghala linapokea kahawa siku hiyo. Naandika amri kwenye kompyuta ya ofisi, inapita mtandaoni hadi kwenye kibao. Amri ni mstari mfupi: alama ya kuanzia, namba ya kibao, maneno, alama ya kufungia. Ukikosea herufi moja, kibao hakilalamiki. Kinabaki na maneno yake ya jana.

Mistari ile niliijua kwa kichwa, na nilijivunia.

Halafu akaja Kemilembe, binti wa Kyerwa. Mwezi wake wa pili tu kazini akaandika programu inayoipanga mistari yenyewe. Unachagua ghala, unaandika maneno, basi. Meneja akatuita wote tuje kuangalia. Akasema sasa kazi ya kubahatisha imekwisha.

Kazi ya kubahatisha ilikuwa yangu. Nikapiga makofi na wenzangu.

Jumatatu alinionyesha programu hiyo, akaniuliza kwa heshima kama kuna kitu amesahau. Nilikiona palepale. Vibao vya Ndama na Kituntu ni vipya, vinakubali namba ya tarakimu moja. Cha Ihanda, namba tatu, ni cha zamani, kinataka mbili: sifuri tatu, si tatu peke yake. Nikamwambia iko sawa.

Nilitaka akosee kidogo tu, watu waone.

Leo mzani wa Ihanda ukaharibika. Karani akafunga ghala akaenda kutafuta fundi, na Kemilembe akatuma ujumbe kwamba leo Ihanda hawapokei, kahawa ipelekwe Ndama. Kibao hakikuupokea. Kikaendelea kuwaka: LEO TUNAPOKEA. Saa sita simu za malalamiko zikaanza. Meneja akamgombeza Kemilembe mbele yetu sote, kisha akanituma mimi Ihanda, kwa kuwa ndiye ninayekifahamu kibao kile.

Nilishuka kwenye bodaboda nikakuta watu kama kumi, na magunia yamelowa juu ya baiskeli. Bibi Perpetua, mjane anayeishi mbali na ghala, alikuwa amefunika gunia lake kwa kitenge, yeye mwenyewe akinyeshewa. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, nimekisoma kibao kabla sijashusha mzigo. Kinasema mnapokea."

Nikawaambia wote kwamba leo Ihanda hawapokei. Kahawa aliyoianika wiki nzima ataianika upya.

Niliporudi ofisini nilimwendea Kemilembe mezani kwake.

"Ihanda inataka sifuri mbele ya tatu," nikamwambia. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Nilitegemea machozi au maneno makali. Akageukia kompyuta, akaongeza sifuri, akatuma. Tukampigia karani, ambaye alikuwa amesharudi, akasema kibao kimebadilika. Ndipo Kemilembe akaniangalia.

"Ungeniambia, kaka Evodi, ningemweleza meneja kwamba hilo nimefundishwa na wewe."

Akarudi kwenye kazi yake.

Sifuri moja.

Hajamwambia meneja chochote. Meneja bado anaamini kosa ni la Kemilembe, na jioni alinisifu kwa kulimaliza tatizo. Nikasema asante. Hilo nalo naliandika.

Bado ninamwonea wivu. Asubuhi niliuonea wivu ujuzi wake. Sasa ninauonea na moyo wake pia, na huu wa pili ndio unaoniuma.

Kesho saa mbili, kabla watu hawajajaa ofisini, nitagonga mlango wa meneja. Nitaanzia Jumatatu, na sitaruka kitu.