Pijo la Baba Aline

Jumatatu, 7 Aprili
Nimefunga duka la dawa mapema, nikatoka Ruiru kwenda kwa Mama, mtaa wa Landless, Thika. Matope hadi mlangoni. Kimani, ndugu yangu, amepata mtu wa Juja wa kununua gari la marehemu Baba, lile Pijo. Anataka kulikata auze vipuri. Anakuja Jumamosi. Nimekasirika na sijui kwa nini. Ni gari kuukuu tu.

Jumanne, 8 Aprili
Wateja wachache. Nimesoma kuhusu hizi Pijo 504 kwa simu. Kumbe zilizaliwa Ufaransa lakini zikazeekea mbali: Nigeria, Argentina. Hapa kwetu pia ziliunganishwa, zikawa teksi za safari ndefu, viti safu tatu. Baba alisema lake alilinunua Nairobi. Hatukuuliza zaidi. Basi kwa nini mvua ikinyesha alikuwa anainama kushoto ndio aone barabara?

Alhamisi, 10 Aprili
Nimerudi Thika, nikaingia ndani ya gari na tochi. Waipa zinafuta kioo vizuri upande wa abiria. Upande wa dereva zinaacha kona nzima chafu. Chini ya dashibodi, kushoto, kuna matundu yamezibwa na vipande vya bati. Usukani ulihamishwa! Hili gari lilitoka nchi ambayo dereva anakaa kushoto. Kongo? Burundi? Nimefurahi kama mtoto. Halafu nikashtuka. Baba alitudanganya.

Nimemuuliza Mama. Ameendelea kuchambua maharagwe.

Ijumaa, 11 Aprili
Mama amenipigia mwenyewe. Amesema yote bila kupumzika, kama mtu anayetua mzigo.

Wakati wa vita kule Burundi familia moja ilifika Thika na hilo gari. Baba Aline, mkewe, watoto. Mimi sikuwa nimezaliwa. Walikaa chumba chetu cha nyuma hadi wakapata kwenda Kanada. Asubuhi ya kuondoka, Baba Aline alimwambia Baba, "Nakuachia gari." Baba akaahidi kulitunza. Alihamisha usukani ili polisi wasimsumbue, basi. Hakulipaka rangi mpya. Hakumpa mtu mwingine aliendeshe. Alisema ni lake ili watu wasiulize.

"Si letu," Mama amesema. "Tumewekewa."

Nimempigia Kimani. Amepandisha sauti. "Tumewekewa mpaka lini? Hao watu walishasahau!" Nimemkatia simu.

Mama anakumbuka jina kamili la Aline. Nimelitafuta kwenye Facebook. Wako kadhaa. Nimewatumia wote picha ya gari.

Jumamosi, 12 Aprili
Aline amejibu! Baba yake yuko hai.

Tumepiga simu ya video uani kwa Mama. Kimani alikuwepo. Mtu wa Juja naye alikuwa ameshafika, amesimama getini na spana zake. Mzee alitazama gari. Kisha akaniomba nisogeze simu kwenye kiti cha nyuma kabisa. Watoto walilala hapo chini, amesema, wamefunikwa mablanketi, hadi wakavuka mpaka. Kiswahili chake si kama chetu. Tulimwelewa polepole.

Mama akaanza kumwomba msamaha. Usukani, kutu, mlango uliobonyea. Mzee akashangaa.

"Lakini Mama Kimani, niliwaachia. Ilikuwa zawadi. Nilimwambia mume wako, nakuachia gari."

"Yeye alijua umemwachia alitunze."

Mzee akafunika uso kwa mikono. "Miaka yote hiyo? Pole. Pole sana, mama."

Kimani akatoka nje ya geti. Nilidhani ameenda kulia. Alikuwa anamwambia yule mtu aende nyumbani.

"Nakuachia." Neno moja tu. Nimemwonea Baba huruma. Nimemkasirikia pia. Si angeuliza!

Jumapili, 27 Aprili
Baada ya kanisa tumekaa ndani ya gari pale uani, mimi na Mama, milango wazi. Kimani ameinama kwenye injini, anaitengeneza huku anajisemesha. Mama ametaka kujua Bujumbura, kule Burundi, iko namna gani. Nimemwonyesha ziwa kwenye simu. Amevaa miwani, akatazama sana. Akauliza kama lina samaki. Nimesema wako, wengi.

"Hebu nionyeshe," amesema.