Baba Imani, Mtoto Ameenda Kisiwani

Mpendwa Baba Imani,

Mtoto wako ameenda Lamu. Ndiyo, Lamu ile ile tuliyokwenda sisi, tukamwacha kwa dada yangu kule Makadara akilia kana kwamba tunahamia ng'ambo. Siku hizi yuko chuoni, ana marafiki zake, na wameamua likizo ni kisiwani. Mimi nilikataa, nikasingizia maji. Tangu tukuzike nimekuwa mwepesi wa kukataa mambo.

"Mathe, ni siku chache tu, na tuko wengi," akaniambia. "Kwani unadhani nitado nini?"

Mawazo yangu yalikuwa yameshakwenda mbali, nakuona umesimama pale gatini, boti imejaa pomoni na majaketi ya kuokolea hayatoshi. Vijana wa Nairobi tuliosafiri nao wakakupigia kelele, "Mzae, panda twende, jua inatuchoma!" Wewe ambaye maji mengi uliyoyajua ni ya beseni, ukakataa katakata. "Nimetoka na mtoto wa wenyewe," ukawaambia ukinionyesha mimi kwa kidole, "lazima nimrudishe akiwa mzima." Tukabaki kusubiri boti nyingine, mimi nimenuna, wewe unamenya njugu bila wasiwasi.

Halafu yale ya mkono, je? Kanisani kwetu Komarock tulikuwa tunachelewa kutoka kila Jumapili kwa sababu ni lazima umshike mkono kila mtu, hadi vitoto vya mgongoni. Kwenu upande wa magharibi ya nchi, anayeunyima mkono wako amekunyima utu. Basi tukafika kwa yule mama mwenye nyumba ya wageni, ukamnyooshea mkono kwa furaha zako zote, naye akaurudisha wake ndani ya buibui. Nilikuona ulivyonywea. Ukaniuliza chumbani, "Nimemkosea nini huyu mama?"

Hukunyamaza nalo, na hapo ndipo ninapokupenda. Ulirudi ukamuuliza kwa upole. Akacheka. "Si dharau, kaka yangu. Sisi hatupeani mikono na wanaume wasio jamaa zetu. Salamu yako nimeipokea." Asubuhi yake ulimwamkia kutoka mlangoni, kiganja kifuani, umeinama kama uko mbele ya askofu. Mama wa watu alifurahi, akatuletea mahamri ambayo hatukuyaagiza.

Tangu hapo ukajifanya mwenyeji. Nikitoka, unaniuliza leso ya kujitanda iko wapi. Nikiinua simu niwapige picha akina mama waliokaa barazani, unanigusa kiwiko: "Waulize kwanza, Mama Imani. Wewe ungependa mgeni akupige picha ukifua nguo pale kwa ploti tunapoishi?" Niliwauliza, wakakataa, na bado tulikaa nao tukapiga gumzo. Nikikumbuka siku ile natabasamu peke yangu hata nikiwa dukani.

Hayo yote nilimsimulia Imani akipanga nguo. Mwanzoni alikuwa anaitikia huku macho yake yakiwa kwenye simu. Nilipofika kwa mkono wako na lile buibui, akaiweka simu kitandani akacheka hadi machozi, kisha yale machozi yakawa mengine. Alikuwa hajawahi kukisikia kisa hicho. Akachukua mwenyewe leso yangu, ile ya bluu, akaitia ndani ya begi. Akaniahidi hatapanda boti bila jaketi, hata wenzake wamcheke.

Kwa hiyo sikuwa na sababu tena ya kumzuia. Akaniangalia, akasema, "Mathe, wewe hauogopi maji." Ni kweli. Ana macho yako, huwezi kumficha kitu. Nikamwambia: naogopa kubaki hapa peke yangu, lakini wewe nenda.

Ameondoka asubuhi. Amenipigia simu wamefika salama, na nyuma yake nasikia watu wakicheka. Nimefurahi, Baba Imani, nimefurahi kwa moyo wangu wote.

Jioni nikabandika maji. Kumbe sijui kusonga ugali wa mtu mmoja, sijawahi kuusonga. Nimekula nikashindwa, na uliobaki nikaufunika kwa sahani ili usipoe, kama mtu anayekungoja utoke kazini.

Pumzika vyema, mume wangu. Mtoto yuko salama. Mimi nitajifunza.

Mkeo,
Mama Imani