Malengelenge ya Lami Mtaani Kwetu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Kariakoo. Mama yako mzima, ila goti bado linamsumbua. Unaniuliza kama upake lami ya majimaji juu ya ile iliyozeeka mbele ya duka lako, ili maji yasipenye. Mwanangu, nikikumbuka ya zamani ndiyo nachanganyikiwa zaidi.

Enzi za Ujamaa, balozi wetu wa nyumba kumi alitutoa wote tujitolee kupaka lami mtaa wetu, maana mgeni mkubwa angepita. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile ile. Barabara ilipokauka juu tukapaka, ikang'aa. Jua lilipokaza, ikaota malengelenge kama mkono ulioungua. Babu yako akatoboa moja kwa pini yangu ya nywele, maji yakamrukia usoni.

"Jamani, si tumepaka ili maji yasiingie?" akauliza. Balozi akatazama juu, hakuna hata wingu.

Hadi leo sielewi vizuri. Nahisi hayakuingia, tuliyafungia ndani sisi wenyewe. Basi usipake upesi, hata kama juu pamekauka.

Ni mimi bibi yako. Pini yangu sikurudishiwa.