Maneno Yaliyongoja Simu Irudi

Makina, Kibera,
Nairobi.
Jumatatu, 14 Septemba 1998.

Mpendwa ndugu yangu Taha,

Salaam aleikum. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu Ihsan, na yule mtoto wenu ambaye mpaka leo tunamjua kwa picha moja tu, tena ametoa ulimi? Naomba Mungu barua hii iwakute wote wazima, paa la nyumba liko mahali pake na kuta zimesimama. Nauliza hivyo kwa sababu sijui, na kutojua kumenichosha.

Sisi hapa tu wazima kwa kadiri ya watu wa mwaka huu. Mama miguu inamsumbua, asubuhi hasa, lakini mdomo wake hausumbuliwi na kitu. Bado anasuka vifuniko vyake vya chakula pale mlangoni na kila apitaye anaambiwa amenenepa ama amekonda. Mdogo wetu Hanan yuko nyumbani. Habari zake nitakupa zaidi huko chini.

Barua hii anakuletea Ramzy, mwana wa jirani yetu mwenye duka la mafuta ya taa. Anakuja huko Khartoum kusoma, kama wewe ulivyokwenda mwaka wa tisini na moja na viatu vya kuazima. Nimemwambia asiitie kwenye mzigo, aitie mfukoni, na asimkabidhi mtu mwingine ila wewe. Mpe chakula. Mamake amemfungia mandazi ya safari, lakini mimi namjua huyu kijana, yatakwisha kabla ndege haijapaa.

Najua umeshangaa kuona kalamu, mimi ambaye nilikucheka kwamba stempu ni za wazee. Nimeona afadhali hivi. Kalamu ninaiona inapokwenda.

Kazi yangu ni ile ile, Kawangware kwa Wacera. Asubuhi nakata Soko la Toi, navuka Ngong Road, na kwa mguu mpaka ofisini, nikifika viatu vimebadilika rangi. Bado tunapiga taipu, tunatoa fotokopi, na hiyo imeli ndiyo imetuzidi. Kompyuta ni moja, anwani ni moja, na watu wanaoitumia sasa wamepita sitini. Mzee Khamala akija kumwandikia mwanawe aliye Kanada huvua kofia kwanza, hukohoa, kisha huniamuru niandike pole pole ili kijana aelewe. Mama mmoja alikuja na bahasha iliyobandikwa stempu kabisa, akauliza ataitumbukiza wapi. Nilicheka mpaka Wacera akanikaripia.

Na hiyo mashine yenyewe, Taha, ina maringo kuliko bi harusi. Ukiiharakisha inakwama. Ukiiachia inalala. Herufi ya E imefutika, wageni wanaitafuta kama sindano. Unajua pia desturi yetu pale, na hili nataka ulikumbuke vizuri: imeli zote tunaziandika simu ikiwa imekatwa. Zinapanga foleni ndani ya mashine. Saa nne na saa kumi Wacera anapiga simu, zilizongoja zinaondoka zote kwa pamoja, zilizokuja zinaingia. Hakuna anayezisoma tena kabla hazijaondoka.

Mwaka jana nilikuandikisha kwenye ule mjadala wa imeli wa Wakenya walio ng'ambo, nikisema utasikia habari za nyumbani. Habari za nyumbani zikawa vita vya watu. Lakini tulikuwa tukifurahi, mimi na wewe! Yule bwana aliye Texas alipanga jeshi la Kongo kila wiki, na mwingine ambaye nina hakika hajawahi kuchinja hata kuku aliwafundisha Waethiopia na Waeritrea namna ya kupigania mpaka. Ikifika Alhamisi ulikuwa ukiniandikia pembeni kuuliza jemadari wetu wa Texas ameteka mji gani. Nilikuwa nazingoja hizo Alhamisi zako, ingawa sikukuambia.

Basi nije kwenye jambo lenyewe, maana nikiendelea kuzunguka karatasi itaisha.

Ile Ijumaa ya bomu la ubalozi wa Marekani hapa mjini unaijua. Jumamosi nilikupigia kutoka kibanda cha posta, nikakuambia kuhusu Hanan, na wewe ulilia, nikakusikia ukimwambia mtu kwa Kiarabu akuletee kiti. Kilichotokea ni kile kilichowatokea wengi. Yeye na wenzake huko mjini walisikia mlio wa kwanza mdogo, wakaenda dirishani kutazama, ndipo ukaja ule mkubwa. Jicho la kulia halikuokolewa. Kidonda kimepona, ila bado anagonga mlango kwa upande ule, na akimimina chai inaangukia mezani. Hataki kusaidiwa. Sasa sote tunakunywa chai huku tukitazama ukutani.

Jumatatu nilikwenda kazini. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, kila mmoja anataka kuwaambia wa mbali kwamba yuko hai. Na simu haikuwapo. Usiku wa kuamkia siku ile wezi walikata waya wa mtaa mzima, kama wanavyofanya kila mara, wakauze shaba. Nikawaandikia hivyo hivyo, zikapanga foleni ndani. Walipokwisha kuondoka nikakaa peke yangu na zile barua za mjadala zilizokuwa zimeingia Jumamosi. Nilisoma zote. Huyu anasema waliofanya wametokea Khartoum, yule anasema ana hakika, wa tatu anasema anamjua mtu anayejua. Hakuna aliyejua kitu. Lakini nilikuwa nimetoka wodini, Taha, nimeona uso wa mdogo wetu ukisafishwa, na nilitaka sana mtu aniambie ni nani.

Niliandika. Nakuandikia tena hapa neno kwa neno, usije ukadhani nimelisahau ama nimelipunguza: "Wapigwe huko Khartoum. Wapigwe mpaka mama zao wakose wa kuwazika." Na chini nikatia jina langu kamili, Sitelbanat, kana kwamba natia sahihi ya kupokea mshahara.

Utauliza kama nilikuwa nimekusahau. Nimejiuliza hilo kila siku. Sikukusahau, ila neno lile nililiandika bila watu ndani yake. Hakukuwa na Ihsan, hakukuwa na mtoto wa picha, hukuwamo wewe ukitoka kufundisha shuleni na chaki kwenye mikono ya shati. Wale wanaume tuliokuwa tukiwacheka ndivyo wanavyoandika, na mimi niliandika vilevile, tena vizuri kuliko wao.

Nilipobonyeza tu, stima ikapotea. Siku ya pili mashine ilikataa kuwaka mpaka mchana, na ilipowaka ilikuwa imechanganyikiwa, nusu ya vitu havionekani. Hasira ilikuwa imeshuka. Nikasema alhamdulillah, ile takataka imepotea, Mungu amenificha. Sikuitafuta, Taha. Ningekuwa mtu wa maana ningeitafuta na kuifuta kwa mkono wangu. Nilimwachia stima afanye kazi yangu.

Alhamisi ya tarehe ishirini Agosti usiku redio ikatangaza kwamba makombora ya Marekani yameanguka kwenu. Ijumaa asubuhi nilimpeleka Hanan kubadilisha bendeji. Wakati huo fundi Mulei alikuwa juu ya mlingoti Kawangware akiunga waya mpya, na simu ilipolia Wacera hakungoja saa nne, alifurahi, akapiga hapo hapo. Barua kumi na moja zikaondoka kwa pamoja. Kumi zilikuwa za watu wanaosema wako hai. Ya kumi na moja ilikuwa yangu.

Nilipofika niliiona kwenye orodha ya zilizokwenda. Nilikuwa nimeiandika siku kumi na moja kabla, na dunia ikaisoma asubuhi baada ya makombora, kama mtu anayepiga vigelegele kwenye matanga. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilijaribu. Niliandika barua ndefu ya kujieleza, mashine ikasema imeshindwa, nikaituma tena, ikasema imeshindwa, nikaituma tena. Kumbe zote tatu zilifika. Nikawa mtu aliyetukana mara moja na kujitetea mara tatu.

Jemadari wa Texas alinipongeza, akasema dada wa Kibera amenena. Hilo liliniuma kuliko matusi. Maana matusi nayo yalikuja, na mmoja aliniuliza Mnubi gani mimi wa kuitukana Khartoum, si turudi sote kwetu huko tukapigwe pamoja. Babu yetu, askari wa Waingereza, alizikwa hapa Kibera na medali za vita vya watu wengine, na mtu aliye kwenye theluji ananitafutia kwetu. Zamani ningemjibu akome. Lakini safari hii, nani alianza?

Nilingoja Alhamisi yako. Haikuja, na kwa simu hukupatikana. Jumanne ya tarehe ishirini na tano ikaja barua ya mashine yenyewe, mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba mwenye anwani yako amejiondoa kwenye mjadala. Basi. Hapo nikajua mambo mawili kwa pigo moja: kwamba uko hai, na kwamba umesoma.

Mama wakati huo hakuwa anakula. Nikaitoa ile barua kwenye printa, nikaenda nayo nyumbani, nikamwambia Taha yu hai. Akaichukua mkononi, akaiona tarehe, akaliona jina lako, akalia, akauliza umesemaje. Nikasema, anakusalimu. Sasa analala nayo chini ya mto, Taha, na mgeni akija anaonyeshwa. Jana kanionyesha hata mimi.

Hanan anajua yote, nilimsomea mwenyewe. Nilidhani atanionea huruma, maana kwa jinsi nilivyojipangia moyoni, nilikuwa nimetukana kwa ajili yake. Akasema, "Hili jicho ni langu, dada. Nani alikutuma ukalidai?" Akaingia ndani kulala. Mpaka leo ananisemesha mambo ya nyumba tu, chumvi na maji.

Nimewaza sana vita hivi vya watu, mimi ambaye nilivisoma kila siku kama mtu anayesoma habari za mpira. Wale waliotega bomu mjini hawakumjua Hanan. Aliyerusha makombora hakukujua wewe. Hao wana la kusema kwamba hawakutujua. Mimi nakujua. Nilikubeba mgongoni mpaka ukafika umri wa kuona haya.

Ningeweza kuishia hapa. Nilikuwa nimepanga kuishia hapa, nikuachie hadithi ya waya na wezi na stima, na wewe kwa moyo wako ungesema, maskini Sitelbanat, aliandika kwa uchungu, mashine ikamponza. Ni kweli yote niliyokueleza. Lakini limebaki moja ambalo halina mashine ndani yake, na nisipolisema nitakuwa nimekudanganya kwa maneno ya kweli.

Ile Alhamisi usiku, redio iliposema Khartoum imepigwa, nilikuwa nimeshika sufuria. Nilifurahi. Ilikuwa muda wa kumeza mate tu, pengine mfupi zaidi, lakini ulikuwapo, na ndani yake moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Kisha nikamsikia Mama nyuma yangu akiita jina lako.

Hilo sijamwambia mtu, hata Hanan. Sikuombi uniambie si kitu, maana ni kitu. Ulisema Ramadhani hii mtakuja, nyinyi watatu, na nilikwisha omba kitanda kwa jirani kabla ya haya yote; sijakirudisha. Ukiweza kukaa nyumba moja na mtu aliyefurahi hivyo, njoo. Ukiona huwezi, njoo vilevile, na mimi nitakwenda kulala kwa Wacera hadi mtakapoondoka, sitauliza neno.

Msalimie Ihsan, akitaka kujua nimeandika nini, msomee, usimfiche. Mbusu mtoto. Wanakusalimu Mama, na Hanan ambaye ameniona naandika akasema nikuambie anaweza kusoma bado, na majirani wote wa upande wa msikiti. Wacera naye anakusalimu, anajilaumu bure. Mungu awalinde usiku na mchana, awakinge na wanaowajua na wasiowajua.

Na kama hutaki kuniandikia mimi, ndugu yangu, ni haki yako. Mwandikie Mama, kwa mkono wako, maneno mawili yanatosha, ili apate kitu cha kweli cha kulalia.

Dada yako akupendaye, na bado anakuonea haya,

Sitelbanat